Mtondoo Niliouweka Kivulini

Chole,
Mafia.
3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Safia,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ghalib, na hiyo baridi ya Songea muwe mmeshaizoea, au angalau mmenunua blanketi la pili. Miguu bado inavimba? Unakula? Usinijibu kuwa unakula halafu nisikie kwa mumeo kwamba unashindia chai. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Mama anakohoa kidogo alfajiri, lakini sauti ya kugombeza watu anayo ileile, kwa hiyo ondoa wasiwasi.

Najua utashangaa kaka yako kushika kalamu, mtu ambaye tangu amalize shule hajaandika kitu zaidi ya vipimo vya mbao. Sababu ni kwamba nikipokea simu yako tu, Mama huyo, kaja kusimama begani kwangu. Na tena nikwambie kweli, kwenye simu ukisema hapana mimi huishiwa maneno. Karatasi haina mtu wa kuikatiza. Barua nimempa Mwalimu Luqmani, yule jirani yetu anayefundisha huko kwenu. Likizo yake imekwisha na kesho anavuka.

Nianze na habari ya mti, maana yote mengine yametokea hapo.

Siku uliponiambia mimi peke yangu kuwa una mimba tena, uliniomba mambo mawili: nisimwambie Mama, na nisiandae kitu chochote. "Hata kijiko, Kaka," ulisema, na sauti yako ikakatika. Nilikuelewa, mdogo wangu. Mara ile ulikuja kujifungulia kwetu kama ilivyo desturi, Mama kashona vikofia, mimi nimechonga kitanda cha kubembea, Chole nzima inauliza lini, lini. Halafu yule malaika hakukaa nasi hata siku moja. Ukapanda mashua mikono mitupu, watu wamejipanga pwani kukupa pole, na hujarudi tangu hapo. Kwa hiyo nilinyamaza, na nakuapia kitu sijaandaa. Nimeokota mti tu.

Unaukumbuka ule mtondoo wa kisiwani Juani, uliokuwa umeinamia maji, tulikokwenda kuokota tondoo za kuchezea gololi? Masika haya bahari imekula udongo wote chini yake na mti ukalala kifudifudi mchangani. Nilisikia habari zake msikitini, na nilipofika nikamkuta rafiki yangu Mfaume, fundi wa vyombo vya baharini, keshauzunguka mara mbili anakuna kidevu. Yeye alitaka lile tawi kubwa la pindo alifanye taruma, ubavu wa mashua. Mimi nilipoliona lile pindo, wallahi, niliona mgongo wa mtu aliyeegemea. Na juu yake kuna panda mbili zimetoka sawasawa, huku na huku, kama mikono ya kiti. Mti umejichonga wenyewe, Safia. Fundi kazi yake ni kutouharibu.

Mti hata ukianguka una mwenyewe, kwa hiyo nilikwenda kupiga hodi kwa Mzee Abubakari. Aliniuliza ni wa hoteli za Utende? Maana siku hizi ndiyo kazi yangu, mabenchi na vigoda vya miti iliyopinda, na wageni wanapenda magome na mafundo yake. Sisi tumepinda mbao za mashua miaka yote hiyo na hakuna aliyetuambia ni nzuri. Nikamjibu mzee kuwa huu si wa hoteli, ni wa mtu wangu. Hakuuliza tena. Mkewe ndiye aliyepiga kelele kutoka jikoni kuwa mbuzi yake ya kukunia nazi imevunjika mguu, basi nimemchongea nyingine na mambo yakaisha kwa heri. Mfaume alinuna, lakini ndiye aliyenisaidia kuuvusha.

Sasa mti mbichi una tabia zake, na ndiyo maana nakuandikia haya yote. Ukiuchonga haraka unakulipukia. Unakuwa kiti kizuri leo, na baada ya miezi unapasuka mgongoni, miguu inachezacheza. Nimelibandua gome lote, maana chini ya gome ndiko wadudu wanakojificha. Vichwani, pale msumeno ulipopita, nimepaka sifa, yale mafuta ya papa, iliyochanganywa na chokaa, kwa sababu maji ya mti hukimbilia kutokea vichwani na ndipo nyufa zinapoanzia. Nimeuinua juu ya mawe mchwa wasiufikie, nikaweka vipande vya mnazi katikati ili upepo upite, nikauezekea makuti. Jua lisiuguse. Kivuli na upepo, basi. Kila Ijumaa nikitoka msikitini naugeuza ubavu, naugonga kidogo na kusikiliza. Mti mbichi hujibu kwa uzito, kama mtu aliyelala. Ukianza kukauka sauti inafunguka.

Wifi yako Shamsa hana raha na sifa. Anasema nyumba inanuka papa, na mashoga zake wakija wanauliza kuna nini uani. Na Mama ndiye alikuwa mbaya zaidi. Alikuwa akipita anausukuma kwa fimbo, "Mmeniwekea maiti ya mti mlangoni kwangu!"

Basi mwezi uliopita tulisoma hitma ya marehemu Baba, Mungu amrehemu. Unajua mambo ya shughuli kwetu. Masufuria makubwa, wanawake wa mtaa mzima, na kuni zikipungua hakuna anayeuliza ya nani. Mti uliolala uani siku ya shughuli ni kuni, hauna mjadala. Na mimi, mjinga wa watu, mti wa miezi yote hiyo, sikukumbuka kuuhamisha. Niko msikitini na wenzangu tunasoma, ndipo nikakumbuka. Safia, sijui nilisoma nini kuanzia hapo. Mdomo unakwenda lakini roho iko uani, nasikia shoka kichwani.

Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma, mbio, kanzu nimeikamata mkononi. Bi Nusra wa jirani kasimama na shoka, jasho linamtoka, kakasirika. Na Mama kakaa juu ya mti. Makuti kayatupa pembeni, kanyoosha miguu, tasbihi mkononi, kafunika mapaja kwa leso. Wanamwambia, "Bi Kijakazi, wali haujaiva, tupishe." Yeye anawajibu, "Nimechoka mie. Miguu inaniuma. Nimekaa." Wakamwomba akae kwenye mkeka, hataki. Wakamletea kiti, hataki. Wakaishia kwenda kuomba kuni nyumba ya pili. Chakula akapelekewa palepale, akala juu ya gogo siku ya hitma ya mumewe, watu wanacheka chini kwa chini. Nami nilicheka, lakini macho yalikuwa yananiuma.

Watu walipotawanyika bado hakuinuka. Aliniita nikae karibu naye. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu yuko mwezi wa ngapi?"

Nikajifanya sisikii. Nani, Mama?

"Usinifanye mtoto, Shaibu. Mti wa hoteli ndio unaoupaka dawa na kuugeuza kila Ijumaa kama mgonjwa? Mti wa hoteli hukai hata mwezi nao. Mtu wa kuwekewa mti namna hii ni mmoja tu."

Sikuweza kumdanganya, mdogo wangu, unisamehe. Sikumwambia mimi, mti ndio uliomwambia. Hakulia kwa kelele. Alikuwa anaupapasa ule mti tu, na machozi yanamdondokea kwenye leso. Alisema umemficha kwa sababu yeye ndiye aliyeshona vikofia mapema. Miaka yote hii amekaa na hilo, Safia, kuwa wewe unamlaumu na ndiyo maana huji nyumbani. Nilimwambia si kweli. Nilimwambia wewe unaogopa tu, humlaumu mtu. Lakini maneno yangu hayakutosha, niliona. Hilo anataka alisikie kwako.

Akapangusa uso akasema, "Asije. Akajifungulie hukohuko, hospitali iko karibu. Mimi nitakwenda."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Mama yetu, ambaye hajawahi kulala nje ya Mafia, anayetapika akivuka hadi Utende tu! Lakini tangu siku ile ameshika uzi uleule. Keshamwambia Shamsa namna ya kulisha kuku wake. Keshapewa dawa ya kikohozi, na anainywa, jambo ambalo sijapata kuliona maishani mwangu.

Juzi akaniagiza nimpandie darini juu ya jiko. Kuna kipande cha mfenesi pale, Baba alikiweka mwenyewe na hakusema cha nini. Kimekula moshi miaka, kimekuwa cheusi kwa masizi, lakini nilipokikwangua ndani ni cha manjano kama siku ya kwanza, kikavu, hakina ufa hata mmoja. Mama akasema nimchongee kibao kifupi. Nikamuuliza cha nini, Mama? Akanikazia macho. "Cha kukalia. Ndani ya boti hakuna pa kukaa."

Boti ina viti, na yeye anajua. Kibao chenyewe akakipima kwa mkono, kifupi hivi, ili mtu akikaa anyooshe miguu mbele. Mimi na wewe tunajua ni nani hukaa kwenye kibao namna ile, ananyoosha miguu, na anamlaza nani juu ya miundi yake amwogeshe. Lakini uliomba tusiandae kitu, na hatujaandaa. Ni kibao cha mama mzee anayesafiri. Akifika nacho usimuulize. Akikwambia ni cha kukalia, kubali.

Sasa umeshaelewa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ningekupigia ungesema hapana, asije, atachoka, na kama mambo yakiharibika tena hutaki ayaone. Mwalimu Luqmani anatutangulia. Ukifungua bahasha hii, mimi na Mama tutakuwa tumeshavuka hadi Nyamisati, bara, na tuko kwenye basi. Nitamfikisha mlangoni kwako, ninywe chai, nigeuze. Mwandalie ndoo ya maji ya moto na usimwache ashike jembe. Ukiweza, kabla ya chochote, mwambie lile neno la vikofia. Mwambie humlaumu. Hata kwa sentensi moja.

Na mtondoo umebaki uani, safari hii nimemkabidhi Mfaume, anakuja kuugeuza Ijumaa hata kama bado ananung'unika. Sijaugusa na patasi. Haujakauka, mti mnene kama ule hauwezi kukauka kabla ya masika mengine, na hautakuwa kiti mtoto atakapozaliwa. Ndivyo nilivyotaka. Kiti kile hakimngojei mtoto, Safia. Nilipoliona lile pindo kule Juani nilikuona wewe, umeegemea. Ukija na mtu kifuani, utamnyonyeshea hapo. Ukija mikono mitupu, utakaa hapo vilevile, na safari hii sitaruhusu mtu yeyote ajipange pwani. Ila siwezi kuuchonga mpaka uje, kwa sababu vipimo vya mgongo wako sina. Njoo nikupime, mdogo wangu. Nakutamani. Chole bila wewe imepungua, na nimechoka kusema kuwa tumezoea.

Nisalimie sana shemeji Ghalib, mwambie nimemchukulia korosho. Wifi yako Shamsa anakusalimu kwa moyo wote na anasema jina la mtoto lisiwe la babu yake Ghalib. Mzee Abubakari na mkewe wanakusalimu bila kujua kitu. Hata Mfaume anakusalimu.

Mungu akupe wepesi, akulinde ukilala na ukiamka, akufungue kwa salama, akupe cha kukupoza macho. Amin, amin.

Ni mimi kaka yako, akupendaye tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,

Shaibu

Nimesahau. Mama ana fundo la leso ambalo halitoki kwapani mwake, na kaniapisha nisikuandikie kilichomo. Nakuandikia hata hivyo, nisije nikakushtua. Ni vile vikofia. Hakuvitupa hata kimoja. Usilifungue wewe, mwache akae nalo mpaka siku atakapolifungua mwenyewe.