Houston au Chicago

Ingleburn, Sydney

Kaka Venant,

Acha kunijibu nusunusu. Wewe umeishi miji yote miwili: nihamie Houston au Chicago? Unasema Chicago ina treni kila mahali, lakini baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Houston kuna joto kama letu la Uvira, ila bila gari umefungwa nyumbani. Jana nilichagua Houston, leo asubuhi Chicago. Shemeji yako Patient ananiuliza Sydney imetukosea nini.

Kanisani bado wananiita Mama Ketsia. Tangu tulipomzika mtoto, kila wakiniita hivyo nageuka kumtafuta. Nataka mji ambao hakuna anayenijua.

Lakini huko, kaka, nani ataniita jina hilo tena?

Mdogo wako,
Mama Ketsia