Shakwe wa Mguu Mbovu

Baba Zuhura,

Shakwe wako amerudi. Nimeanza na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya hali yangu.

Hizi ni mvua za kwanza tangu tukuzike. Mashakwe wakubwa wameshuka tena hapa mwaloni Kibirizi, tunakoanika samaki, kunipora dagaa. Wale wadogo wenye midomo myekundu wapo mwaka mzima, nimewazoea. Hawa wako, wenye mdomo wa njano na doa jekundu kwa chini, wana kiburi. Nikiwatupia kokoto wanasogea hatua mbili, basi.

Na mke mwenzangu Mwajuma anakuja kila asubuhi kutoka Katubuka kukaa kwenye jiwe lenu. Nisikufiche, bado linaniuma. Miaka yote mlikaa pale mkiangalia ndege, mimi mke mkubwa nageuza dagaa juani. Hukuniita hata siku moja! Nilimchukia yule ndege, nikamchukia Mwajuma, na wewe nikakuchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Mwajuma anamtafuta yule wa kahawia mwenye mguu mbovu, uliyekuwa ukimtupia matumbo ya samaki wa migebuka. Juzi alilia. "Dada, na yeye amekufa."

Hajafa. Anapita mbele yake akichechemea, mgongo mweusi kama sufuria yangu, miguu ya njano. Mwajuma amemwona, anasema huyo ni mwingine, labda alinaswa na wavu. Hajui, kwa sababu hukumwambia. Uliniambia mimi, siku ile uliposimama kwenye chanja cha kuanikia: "Wale wa kahawia ndio watoto wao, Mama Zuhura. Mgongo unachukua miaka mpaka ukolee weusi." Nikakujibu, shika huku tugeuze dagaa.

Kwa hiyo kuna neno lako moja ambalo yeye hana. Nimelificha wiki nzima, na lilikuwa tamu. Lakini leo amelia tena, kajifunika uso kwa khanga, na mimi ninakijua kilio kile, ni changu pia.

Kesho nitamwambia, nakuahidi. Dagaa waliwe na mashakwe siku moja, hatutakufa njaa. Nitamwonyesha kwa kidole, na nitamwambia nani aliniambia.

Pumzika, mume wangu. Ila kwenye lile jiwe, mahali pako nitakaa mimi.

Mama Zuhura