Risasi Zisizo za Bunduki ya Babu

S.L.P. 62,
Halla, Rasi ya Juu,
Michigan.
8 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Karin,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha ndani yake mpaka karatasi iishe. Risasi ambazo Babu amekuwa akikosea kulungu kwa miaka mitatu nilizinunua mimi. Hazikuwa za bunduki yake. Niliona kwamba namba iliyo kwenye pakiti siyo ile aliyonituma, nikanyamaza.

Sasa nakusalimu. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Je, huko Arizona joto limepungua angalau jioni uweze kutembea? Sisi ni wazima. Baba yuko melini bado, harudi mpaka Januari, ziwa likishaganda. Mama ameongezewa zamu tena. Theluji imeanguka mara mbili lakini haijakaa. Mwaka huu tarehe kumi na tano, siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu, ni Jumamosi, kwa hiyo hata ile siku moja tunayofungiwa shule kwa ajili yake tumeikosa.

Babu anakula vizuri na sauna yake, bafu lake la mvuke, ya Jumatano na Jumamosi haikosi. Ila hajakata leseni ya kuwinda. Najua habari hiyo unayo, maana Baba mdogo Wes anasema mlizungumza kwa simu ukakubali kwamba macho ya Babu yameisha, abaki kupika kwenye kambi yetu ya kuwindia, na bunduki yake ipelekwe mjini Jumatano ijayo ikabadilishwe na mpya ya Kaleb, mwana wa Wes. Shangazi, sitakuficha, nilikukasirikia na wewe. Halafu nikakumbuka kwamba ulikubali kwa kukosa habari ambayo ninayo mimi peke yangu, hasira ikanirudia mwenyewe.

Unalikumbuka kopo jekundu la kahawa. Bibi Helmi mwenyewe alikuwa akizijaza risasi za Babu, ganda lililotumika analitia baruti na kichwa kipya, kwenye meza yake kule chini ya nyumba, anazimimina koponi, Babu anachota. Bibi alipofariki, kopo lilikuwa tupu, na Babu hakutaka kushuka kule chini. Akanituma mimi dukani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Aliniambia, "Sema thelathini na mbili spesheli. Usikubali kitu kingine." Njia nzima niliirudia kimoyomoyo.

Muuzaji aliyekuwa nyuma ya kaunta alicheka. "Thelathini na mbili? Hizo walizikwa nazo wazee wa vita, binti. Babu yako ana ile ya kukoki kwa wenzo, siyo? Hizo zote zinakula thelathini-thelathini. Inaingia mle mle." Nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni wanaume watatu, na mmoja akasema, "Mpe basi, kabla hajalia." Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo hivyo tu, Shangazi. Niliitikia kwa kichwa ili nitoke mle ndani.

Nyumbani Babu alikuwa sauna. Nikazimimina koponi, pakiti nikaitupa kwenye jiko la kuni. Maandishi yaliyo kwenye kitako cha risasi ni madogo mno kwa Babu hata akivaa miwani. Na bunduki ilizimeza bila kulalamika. Nikajiambia kwamba muuzaji ni mtu mzima na anajua kazi yake.

Mwaka ule akakosa dume hatua hamsini kutoka alipokaa. Unaujua ukuta wa kambi, na unajua wakosaji wanafanywa nini. Kaleb alishika mkasi, akakata mkia, ule upindo wa nyuma, wa shati la Babu, wakaandika jina na tarehe, wakaupigilia msumari chini ya vipande vya miaka yote. Kila mtu alicheka, Babu akiwemo, maana ilikuwa mara yake ya kwanza tangu kambi ijengwe. Mwaka wa pili walicheka kidogo. Mwaka jana, kipande cha tatu, hakuna aliyecheka. Babu aliukunja mwenyewe upande uliobaki wa shati akauingiza ndani ya suruali, akasema, "Basi, macho."

Oktoba hii nilishuka kule chini kutafuta mitungi ya Mama nikakifunua kitabu cha Bibi cha vipimo, kile chenye jalada la kijani. Unajua mimi nikiona maandishi siwezi kupita. Ameeleza kila kitu kwa mwandiko wake wa kulala. Risasi ya thelathini-thelathini ni nyembamba kuliko ya Babu kwa theluthi hivi ya milimita. Ndani ya mtutu wa thelathini na mbili inaingia, na inalipuka pia, lakini kichwa chake hakibanwi na ile mifereji inayokizungusha, kwa hiyo kinatoka kikiyumba na kwenda kinakotaka. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu, akimtaja Babu kwa jina, "Isitumike kwa ya Reino, hata ikiingia."

Kisha nikapanda juu, nikapekua koti la Babu la kuwindia. Maganda matatu yalikuwa mfukoni, yote yamepasuka shingoni. Bado anayaokota, Shangazi. Anayaokota ili amletee Bibi ayajaze.

Nimejaribu kuwaambia. Alhamisi Baba mdogo Wes na Kaleb walikuja kunywa kahawa, nikayaweka maganda mezani. Lakini wale wawili wakishaanza habari za risasi huwezi kupata pa kuingilia. Kaleb anataka bunduki mpya iwe ya risasi namba thelathini na tano, kwamba kichwa chake kizito na hakipotei vichakani. Baba mdogo anataka kubwa zaidi, arobaini na tano-sabini.

"Unawinda kulungu au unabomoa ghala?" Kaleb akamwambia.

"Nawinda nyama ambayo haitanikimbia mpaka kaunti ya pili, kama ile yako ya mwaka jana."

"Ile ilikimbia kwa sababu ilikusikia ukikohoa, mzee."

Nikasema, "Baba mdogo, nadhani risasi za Babu siyo zenyewe."

"Profesa ameamka," akasema. "Haya, kitabu kinasemaje leo?"

Nikamwonyesha ganda lililopasuka. Alilitazama kama mtu anayetazama njugu. "Shaba ya zamani hiyo, inapasuka. Risasi ni risasi, Lempi. Macho ya mzee ndiyo yameisha, na si vizuri kumtia matumaini." Babu alikuwa palepale karibu na dirisha, anamenya viazi.

Ningeweza kumaliza ubishi kwa sentensi moja tu, kwamba nilizinunua mimi na nikaiona namba. Sikuisema. Nilichukua maganda yangu nikaenda chumbani kufanya hesabu za shule. Nimechoka kuitwa Profesa na watu wasiosikiliza jibu, ila kinachonichosha zaidi ni huu mdomo wangu.

Jumatatu, tarehe 10

Barua hii niliiacha juzi kwa sababu nilitaka kukuomba wewe umpigie Baba mdogo umweleze. Nilipoisoma tena niliona kwamba nakutuma dukani kama nilivyotumwa. Kwa hiyo nakueleza tu kilichotokea.

Jana ilikuwa siku ya kuandaa kambi, kupasua kuni na kufukuza panya. Asubuhi, kabla ya kanisa, nilishuka tena chini ya nyumba nikatafuta kila droo ya meza ya Bibi. Nyuma ya mizani kulikuwa na kisanduku kidogo chenye risasi kumi na moja. Juu yake ameandika "Reino" na mwaka wake wa mwisho. Nikakitia mfukoni.

Kambini nilingoja mpaka pasti, vile vikate vya nyama na viazi, zikatoka kwenye oveni na kila mtu akawa ameketi, maana mtu mwenye pasti mkononi haondoki. Nikasema nikiwa nimesimama. Nilisema habari ya duka, kuitikia kwa kichwa, pakiti niliyochoma. Katikati nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Kaleb alianza kusema neno, Baba mdogo akamzuia kwa kiwiko.

Babu alimeza alichokuwa anakitafuna. "Muuzaji alikuwa yule mwenye masharubu?"

"Ndiyo, Babu."

"Hata mimi ningeitikia. Yule ukimpinga hutoki dukani mpaka jioni." Nilitamani angenigombeza. Kisha akasema, "Miaka mitatu, Lempi. Ungeniambia."

"Ndiyo, Babu."

Alivaa koti, akachukua bunduki, tukaenda wote kule walikochimba kokoto. Kaleb alibandika sahani mbili za karatasi kwenye ukuta wa mchanga. Babu alipiga tatu za kopo kwanza. Moja hatukuiona ilikokwenda. Mbili ziligonga ukingo wa sahani, na hazikuacha tundu la duara, zimeacha mpasuko mrefu kama wa kuingizia ufunguo. Risasi ilifika imelala ubavu. Baba mdogo aliweka kidole kwenye ule mpasuko akakiacha hapo.

Kisha Babu akapiga tatu za Bibi. Nilifunika matundu yote matatu kwa kiganja changu, na unajua kiganja changu kilivyo kidogo.

Baba mdogo alivua kofia. "Mzee," akasema. Tuliporudi alipanda juu ya kiti ang'oe vile vipande vitatu ukutani. Babu akamwambia, "Viache. Nililenga mimi, nikakosa mimi." Akaomba apelekwe kukata leseni.

Bunduki haiendi popote. Risasi za Bibi zimebaki nane, na zile za koponi nimezizamisha kwenye mafuta mpaka zitakapopelekwa polisi. Babu amesema nane zinamtosha, na baada ya msimu atashuka nami kule chini anionyeshe mashine za Bibi. Naomba umpigie kabla ya Jumamosi. Usimwulize habari za macho yake.

Wasalimie Anko Ray na Tessa, na mwambie Tessa kitabu chake nitamrudishia, sijakipoteza. Mama na Babu wanakusalimu. Mungu alitie goti lako nguvu na akulinde katika joto hilo.

Jana kambini, wengine walipotoka kupakia kuni garini, nilibaki ndani. Nilichukua mkasi kwenye ndoana yake, nikavuta shati langu nje, nikakata mkia wake. Nikaandika "Lempi Kangas, 2022, kaunta" nikaupigilia msumari chini ya vile vitatu vya Babu. Kisha nikatoka kusaidia kupakia kuni.

Ni mimi ninayekupenda, hata nikiwa nimekasirika,
Lempi