Bingwa Anaelewa Ninapoeleza Mimi

Bweni la Wasichana,
Chuo cha Uuguzi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kazi, bado wanakusimamisha kutwa nzima? Sisi huku miili ni mizima. Akili ndizo zinazonifanya nikuandikie.

Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu jana: ile "Ehee!" ya mwanao, ndefu, ya mtu aliyefunguka macho. Kila nikimweleza jambo anaitoa huku anatikisa kichwa, na mimi moyo unatulia. Mama Mdogo, nimeichoka.

Uliniambia kwenye simu kwamba Bingwa anakuhakikishia yuko tayari kwa mtihani wa marudio wa Ijumaa. Anaamini kabisa anachokwambia, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mwongo ningejua pa kumshika.

Mkufunzi wetu ana mtindo wake: kabla hujamkabidhi karatasi, unaandika pembeni alama unazotarajia. Mara iliyopita Bingwa aliandika themanini na tano, akapata thelathini na nane. Wala hakuwa peke yake. Mkufunzi aliporudisha karatasi alisema, "Jamani, mngekuwa mnajipangia alama wenyewe, wodi zingekuwa tupu, wagonjwa wote wamepona wamekwenda zao!" Darasa lilicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Bingwa.

Jana tulirudia hesabu ya dripu: chupa moja ya maji iishe kwa saa nane, je, yadondoke matone mangapi kwa dakika? Ehee, ehee. Nikafunga kitabu. "Haya, sasa nieleze wewe." Akaikodolea macho dari.

"Dada, jibu kichwani limo. Halitaki kutoka tu."

"Na mgonjwa naye asubiri mpaka litoke?"

Akanuna. "Wewe unanitisha bwana. Kitabu kikiwa wazi mbona najua kila kitu!"

Nimelitafakari hilo mpaka nimekereka na nafsi yangu pia. Ninapoeleza, anayeelewa ni mimi. Yeye anasikia jambo limenyooka, anadhani limenyooka kichwani mwake. Kadiri ninavyoeleza vizuri, ndivyo anavyozidi kudanganyika. Na mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, nimekuwa nikifurahia "Ehee" kana kwamba ni jibu.

Umeniomba nimwongezee saa za kumfundisha. Najua unavyohangaika. Akianguka Ijumaa chuo kinamtoa, na wewe uko mbali, huna wa kumtegemea ila mimi. Ndiyo maana sitaki ulisikie hili kwa mtu mwingine.

Kwanza nisalimie Baba Mdogo, na dada mkubwa na mapacha wake, waambie nimepata picha zao. Mungu akutunze, akupe afya na kazi isiyokuchosha.

Nimeshaacha kumfundisha. Leo asubuhi amenikuta kwenye darasa tupu, kitabu mkononi. Nimekipokea, nimempa chaki, nimemwambia leo mwalimu ni yeye. Ameandika, amefuta, ameandika tena, kisha ametupa chaki na kutoka bila kuaga. Sikumwita. Kitabu ninacho, na nimemtumia ujumbe kwamba kesho nitakuwa nimekaa dawati la mbele, namsubiri anifundishe. Akikupigia kunishtaki, yote atakayosema ni kweli.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikikukera.