Vifaranga wa Mashine

Toten, Mei

Dada Ragnhild,

Nimejiuliza kwa muda mrefu kama mtoto ni wa aliyemzaa au wa aliyemlea. Jana jioni nilitoa vifaranga kwenye mashine ya kutotolesha, nikawaingiza chini ya kuku aliyekuwa akiatamia mayai bandia. Akawakunjulia mbawa.

“Mama mdogo, kuku wako mjinga kweli!” binti yako Tiril alicheka. “Hajui hata kama si wake.” Kisha akaniuliza: “Mama akija kunichukua, utabaki na nani?”

“Na huyu mjinga mwenzangu.”

Njoo Jumamosi kama tulivyokubaliana. Sanduku la Tiril liko tayari. Iwapo ni haki kumwondoa hapa baada ya miaka yote hii, siwezi kuamua, kwani kila nikipima, anayeshika mzani ni mimi niliyemlea.

Mdogo wako,
Eldbjørg