Masanja na Sanduku la Waganda

Jumamosi, 6 Desemba 1980
Mvua usiku kucha. Hapa Bariadi, barabara ya Somanda tope tupu. Nimemsomea mhariri habari ya mbegu za pamba kwa simu ya posta, laini ikakatika katikati, nimeanza upya. Chai kwa Mzee Salum, dukani. Bila sukari, kama mwezi wote huu. Redio yake dirishani, watu wamejaa barazani. Habari ni Uganda tu: wanapiga kura Jumatano. Askari wetu bado wako huko tangu vita. Masanja yumo. Ni mtoto wa mwisho wa shangazi yangu Kabula, aliyenilea mpaka leo namwita Mayu, yaani mama. Masanja ameahidi kuja Krismasi.

Jumatatu, 8 Desemba
Ng'humbi, mchuuzi wa ng'ombe, amerudi kutoka Malampaka na salamu. Amepewa stesheni na askari aliyeshuka treni kuja likizo. Nimemfanya ayarudie maneno yenyewe: "Masanja yuko na sanduku. Krismasi haji."
Nkololo kwa Mayu, kwa baiskeli. Nimesikia kilio kabla sijaiona nyumba. Kwetu Wasukuma mtu huzikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Sanduku ni la aliyefia mbali, analetwa nalo na serikali. Askari akitajwa na sanduku, hakuna anayefikiria la nguo.
Wazee walimwambia Mayu asubiri mwili. Hakusubiri. Amenyoa, kama mfiwa. Kichwa kimekuwa kidogo kama cha mtoto. Sikujua ana kovu juu ya sikio.
"Wewe ndiye mtu wa habari," ameniambia. "Kaniletee yake."
Nimeandika vifo vingi. Hiki sikiandiki mpaka nimpate huyo askari. Nimemwambia hivyo kwa sauti ya kazini. Naogopa.

Jumanne, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Malori ya Malampaka yamelala. Nimekwenda uwanjani kwa sababu ndiyo kazi. Mgeni rasmi amesema kujitawala ni mtu asiingie kwako bila hodi. Nimeinakili yote, ni sentensi nzuri. Kisha nikamkumbuka Masanja, yuko kwa watu. Ni kweli wao ndio walioanza kutuvamia, sijasahau. Lakini vita vimekwisha tangu mwaka jana.
Ngoma mpaka jioni. Sikula.

Jumatano, 10 Desemba
Malampaka, juu ya marobota ya pamba. Mgongo umekufa. Askari nimemkuta kwa mama yake nyuma ya stesheni, anakula viazi. Koplo, kijana mnene, mchangamfu. Nimeuliza bila kuzunguka: Masanja amekufa lini?
Amecheka mpaka kapaliwa. "Sanduku la kura, kaka! Amepangiwa kulinda masanduku ya kura. Kule kila chama kina lake. Nimemwacha mzima, tena soksi zangu kavaa yeye!"
Nimekaa chini. Mwezi wa kumi, kwenye uchaguzi wetu, Nkololo nzima waliita kile chombo debe. Wangesema debe, Mayu angekuwa na nywele zake.
Nimemwambia koplo kwamba mama yake Masanja amenyoa. Kicheko kimekatika. Ameisogeza sahani.
"Lakini leo ndiyo siku yenyewe," amesema baadaye. "Pale kila mtu ana bunduki, kaka. Usimwambie mama mambo yamekwisha."

Alhamisi, 11 Desemba
Nkololo. Nimemwambia Mayu kama nilivyoambiwa, pamoja na bunduki. Hakulia. Amejipapasa kichwa, mbele mpaka kisogoni.
"Hayo masanduku ya nani?"
Ya Waganda.
"Wao hawakuzaa wavulana?"
Nimeeleza vita, usalama, makubaliano ya serikali. Nimejisikia nikisoma taarifa ya saa mbili.
"Ng'wana wane," amesema, mwanangu, "mimi nikienda kumhesabia Ng'humbi ng'ombe wake, hata nikihesabu sawasawa, ataniitaje?"
Ng'humbi alikuwepo. Amesema angemwita mchawi. Wamecheka.

Jumamosi, 13 Desemba
Matokeo yametangazwa. Watazamaji wa nje wanaona uchaguzi umefaa, kwa kiasi. Walioshindwa wanasema wameibiwa, na sisi ndio tuliowamulikia wezi tochi. Hakuna habari ya Masanja.
Mzee Salum ni Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu, hawezi kukaa kimya. "Ninyi Wasukuma, mkisikia sanduku mnakimbilia wembe!" Baraza imevunjika mbavu. Kisha ameniinamia, polepole: "Mmepeleka kijana akalinde kura za wenzenu. Hapa kwetu mwezi wa kumi, aliyempigia Rais kura ya Hapana, kura yake aliilinda nani?" Ameongeza redio sauti.
Mhariri amepiga simu. Anataka niandike fahari ya wananchi wa Bariadi kwa vijana wao. Nimemsomea mistari michache: mama mmoja wa Nkololo anataka mwanawe arudi, Waganda wajihesabie. Amesema nafasi hakuna. Nilijua. Nimemsomea hata hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba
Nkololo. Mayu ameweka sahani ya Masanja. Hakuna aliyeigusa. Mzee mmoja anasema ukimlilia aliye hai unamwitia kifo. Mayu hajalala vizuri tangu asikie hilo. Nimegombana na mzee. Sigombani na watu kwa kawaida.

Jumapili, 18 Januari 1981
Masanja yuko nyumbani. Amefika juzi, kwa miguu kutoka barabara kuu. Amekonda, mguu mmoja anauburuta, anasema ni buti. Ameziona nywele za mama yake, fupi kama manyoya ya kifaranga, akauliza.
"Chawa," amesema Mayu.
Boma zima limetazama chini. Hakuna aliyemwambia, wala sitamwambia.
Nimemuuliza kama mwandishi: kura zilikuwa za haki?
"Nililinda nje, kaka. Ya ndani sijui. Wakati tunaondoka kina mama walituzomea. Wakubwa, kama Mayu." Sijamuuliza zaidi.
Alhamisi anarudi huko huko. Mayu anajua, hataki itajwe. Sasa kijana amelala kivulini pembeni ya ghala, mdomo wazi. Mayu anawafukuza kuku kwa upindo wa khanga, wasije wakamwamsha.