Ubao wa Akina Hostetter

Kettle Hollow, Pennsylvania
12 Agosti 1957

Dada Verna mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie shemeji Clair. Nadhani joto la Akron halijawamaliza. Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya Baba. Ukungu umelifunika lile la kulia, na la kushoto linafuata. Jana alimwaga kahawa kando ya kikombe, akasingizia meza imesogezwa.

Nakuandikia kwa jambo ambalo sithubutu kulisema ofisini wala nyumbani. Unamkumbuka Lester Kunkle? Yule karani wa kodi, meza yake inatazamana na yangu hapa mahakamani. Tangu Mei anakuja kwetu kila Jumamosi. Mwanzoni alikuja kununua mayai. Sasa anakuja kulenga makopo nyuma ya ghala pamoja na Baba. Na Jumamosi iliyopita, Dada, Baba aliishusha bunduki ya Babu pale juu ya mlango wa jikoni akampa. Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi. Mimi sijawahi kuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

Nikamwambia Baba, "Ile ni ya nyumbani."

Akanijibu, "Naye yuko nyumbani, hukumwona? Tena mkono wake hautetemeki."

Kisha akatoa la moyoni. Mwaka huu, kwenye shindano la kulenga shabaha la kugombea paja la nguruwe nyuma ya jumba la zimamoto, yeye haoni tena ile alama ya msalaba kwenye kadi ya ubaoni. Anafikiri Lester ndiye apige kwenye ubao wetu. Ubao wetu, Dada! Uliochomwa jina la Hostetter kwa chuma cha moto na baba yake Babu! Kila ukoo ubao wake, kila ubao mtu wake, na mtu wetu awe Kunkle?

Unajua mimi ni mwoga. Hata mhuri wa ofisi nikiugonga kwa nguvu nashtuka. Lakini nimeamua kununua bunduki yangu mwenyewe, ya bei ya mtu kama mimi, nijifunze kabla ya shindano la Novemba. Dukani kwa Bwana Zerbe nimeona tatu. Ya kwanza ni mpya, ya risasi moja, inayofungwa kwa komeo, na kwa nyuma ina kifundo cha kuvuta kwa mkono kabla ya kufyatua. Bei yake haitishi, ila kila mtu anasema ni ya watoto. Ya pili ni kuukuu, inayofunguliwa kwa kushusha wenzo kama ya Babu, nzuri kuitazama, lakini ndani ya mtutu kumeliwa na kutu. Ya tatu ina magazini ya risasi kumi, na Lester anaisifu. Nikiinunua hiyo nitakula mikate mikavu hadi Pasaka.

Wewe ulilelewa na Babu kwenye mambo haya. Niambie nichukue ipi.

Mdogo wako,
Elwood


Akron, Ohio
20 Agosti 1957

Mdogo wangu Elwood,

Barua yako imenikuta nikianika nguo, nikaisoma nimesimama. Tu wazima. Clair anarudi kazini ananuka mpira wa matairi hadi kwenye nywele. Umesahau kuniambia kama kikohozi chako cha masika kimeisha.

Chukua ile ya komeo, ya kifundo. Acha waseme ni ya watoto. Kwa mtu mwenye hofu kama wewe hakuna iliyo bora: hata ikiwa na risasi ndani, usipovuta kile kifundo kwa makusudi haiwezi kulia. Utalala usingizi. Nyepesi, haina vitu vingi vya kuharibika, na risasi zake zile ndogo hazipigi bega wala hazimalizi mshahara. Magazini ya nini? Mwenye risasi kumi huwaza ya pili kabla hajapiga ya kwanza. Mwenye moja hutulia. Na ile kuukuu usiiguse. Uzuri wa kitako haulengi. Mtutu ulioliwa utakutupia risasi kwenye kaptura za Bibi Reif zikianikwa.

Kitako kikikuzidi urefu, kikate. Usione haya.

Unasema umeumia kwa sababu Lester ameshika bunduki ya Babu. Mimi nimeishika miaka saba, Elwood. Babu alinifundisha mpaka nikawa nakata bua la ua la alizeti kwa risasi moja. Na siku ya shindano nilikuwa napigilia kadi kwenye ubao, halafu narudi jikoni kupakua tufaha kavu na nyama, wakati Baba analenga. Sikuwahi kuulizwa. Wewe unaogopa mhuri, na bado unaweza kuiomba nafasi.

Haya. Nunua. Niandikie.

Dada yako,
Verna


Kettle Hollow
3 Septemba 1957

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na shemeji pia. Kikohozi kimeisha. Baba anakusalimu, ingawa nilipomkumbusha ndipo aliposalimu.

Nimeinunua! Bwana Zerbe aliifunga kwenye karatasi ya kahawia, kitako kikabaki nje, nikapita nayo mbele ya mahakama, na nani yuko ngazini? Lester.

"Hongera, Hostetter," akasema. "Umempata mtoto wa kiume lini? Maana hiyo si ya mtu mzima."

Makarani wote wakacheka, na yule mzee wa hati za ardhi akaongeza, "Mwacheni, anaanza na ya maziwa, nyama baadaye."

Nilicheka nao, Dada, lakini masikio yaliniwaka hadi jioni.

Nimemwambia Baba nataka kupiga kwenye ubao wetu. Akasema, "Asubuhi ya shindano mtapiga risasi za kujaribu, wewe na Lester. Atakayenipendeza ndiye." Wala hakucheka. Nikafurahi. Kisha akamwita Lester wale mkate wa molasi, na akamkatia yeye kipande cha katikati.

Nyuma ya ghala siendi, kwa sababu Lester yupo na nitatetemeka mbele yake. Mazoezi nafanya chumbani. Kila jioni nafunga mlango, nalenga kitasa cha kabati, navuta kifundo, nabana pumzi, nafyatua. Tak! Hamna risasi ndani, kwa hiyo siogopi. Mwanzoni ncha ilikuwa inarukaruka. Sasa inakaa. Narudia mpaka kidole kinakuwa chekundu. Nadhani hii ndiyo njia ya mtu kama mimi. Bila risasi haiwezi kuleta madhara, au sivyo? Nijibu hilo.

Mdogo wako,
Elwood


Kettle Hollow
29 Septemba 1957

Dada Verna,

Hujambo huko? Sijapata jibu, nami nimeanza kuwaza magonjwa. Kama ni kosa langu kwa neno nililoandika, nisamehe. Nimeisoma upya nakala niliyobaki nayo na silioni.

Huku baridi imeanza. Bado nafanya yale mazoezi yangu, sasa hata asubuhi kabla ya kazi. Baba hupiga kelele toka chini, "Nani anavunja kokwa huko juu?" Namjibu ni mimi, navunja kokwa. "Basi niletee mbili tatu!" anasema, nami sina hata moja.

Lester amepewa bunduki ya Babu aende nayo kwake. Akaisafishe, eti. Pale juu ya mlango imebaki misumari miwili. Baba akipita chini yake haangalii juu. Mimi naangalia kila mara.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Elwood


Akron
27 Oktoba 1957

Elwood,

Siumwi. Kazi tu nyingi. Nimeshona mapazia mapya ya jikoni, ya rangi ya siagi. Jirani wa juu amepata watoto mapacha, wanalia kwa zamu. Clair ameahidiwa zamu ya mchana baada ya Krismasi. Huku mvua haikatiki, na makopo ya kulenga hayapo, wala ghala, wala uwanja. Kuna ukuta wa matofali na dirisha la mwenzio.

Mpe Baba salamu, akipata nafasi baada ya Lester na wewe.

Verna


Kettle Hollow
18 Novemba 1957

Dada Verna,

Natumai mu wazima. Mimi mzima wa mwili. Nakaa niandike yote kwa utaratibu, kwa sababu nikiacha yapoe nitayapamba.

Jumamosi ilikuwa na jua na barafu nyembamba kwenye majani. Mbao zote zilikuwa zimesimamishwa kwenye mstari nyuma ya jumba la zimamoto: ya akina Reif, ya akina Zerbe, ya akina Moyer, yetu mwishoni karibu na uzio. Wanawake walikuwa wanapakua chakula. Lester alikuja na bunduki ya Babu imepakwa mafuta inang'aa, na amevaa kofia mpya. Baba alikaa kwenye kiti kati yetu, ananyoosha shingo kama ndege kutafuta pembe ambayo anaona.

Lester alijaribu kwanza. Tatu zote zikakaa karibu na msalaba. Watu wakaguna kwa kumsifia. Baba akauliza, "Wapi?" akaambiwa, akaitikia kwa kichwa.

Kisha mimi. Mkono, Dada, ulitulia! Sijui ulitoka wapi utulivu ule. Nikafungua komeo, nikatia risasi. Haikuingia. Nikaisukuma, ikakwama nusu. Nikaitoa, nikatia nyingine, ikakataa hivyohivyo. Hapo mikono ikarudi kuwa yangu ile ya zamani.

"Ya maziwa imemkataa!" akapaza mtu.

"Labda mtoto amelala," akasema mwingine. Walicheka hata wanawake kwenye masufuria.

Bwana Zerbe akaja, akachungulia. "Elwood, umekuwa ukiifyatua tupu?"

"Ndiyo. Kwa usalama."

Akapiga paji la uso wake. "Lo, bwana we! Hizi risasi ndogo hupigwa ukingoni. Ukifyatua pasipo kitu ndani, sindano ya kufyatulia inagonga ukingo wa tundu la risasi. Tak, tak, tak, mwishowe inaweka kovu. Sasa tundu limebanwa. Mtu akijizoeza huacha ganda tupu la risasi humo ndani, sindano igonge hilo. Watoto wote hapa wanajua."

Watoto wote. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ile karatasi ya kahawia.

Ndipo Baba akanyoosha mkono. "Ilete hapa." Nikampa. Haoni, lakini akafungua komeo, akapitisha ukucha wa kidole kidogo kwenye mdomo wa tundu, taratibu. Akaupata mkwaruzo, ukucha ukasimama hapo. Akaurudia. Watu wakasogea karibu wakidhani atanigombeza.

"Chuma hakiumii hivi kwa siku moja," akasema. "Wala kwa wiki." Akageuza uso upande wangu, si sawasawa, akalikosa jicho langu kidogo. "Kumbe hizi ndizo kokwa."

"Ndiyo, Baba."

"Asubuhi pia?"

"Na asubuhi."

Akailaza ile bunduki mapajani, akasema, "Lester, mwanangu, nipe hiyo ya baba yangu." Lester akampa. Baba akaisukuma kifuani mwangu. "Ubao wetu ule. Piga."

Lester alikuwa mweupe kama kadi. Nilimtazama, na sikufurahi kama nilivyopanga kufurahi. Nilipopiga magoti akaninong'oneza, "Kiganja kina jasho. Kifute." Nikakifuta.

Nilipiga. Nilipata pembeni mwa kadi, chini, kushoto. Paja la nguruwe wamelichukua akina Moyer. Baba alikwenda hadi kwenye ubao, akalitafuta lile tundu kwa kidole mpaka akalipata, akasema, "Haya, imo ubaoni." Kadi ameitia mfukoni.

Sasa swali langu, nalo nimelishika siku mbili. Babu alikufundisha wewe. Mimi nilikuuliza waziwazi, mwezi wa Septemba, kama kufyatua tupu kuna madhara. Ukanijibu mapazia.

Ulijua?

Elwood


Akron
24 Novemba 1957

Elwood,

Nilijua.

Ganda tupu lilikuwa jambo la kwanza alilonifundisha Babu, kabla hata ya kulenga. Nilikaa kuandika. Niliandika "Usifyatue tupu" nikaona sura yako umesimama mbele ya ubao, na Baba kwenye kiti, na mimi na mwiko. Nikaiweka barua kwenye droo. Kila siku nilisema nitaipeleka kesho. Sikutaka uumbuke. Nilitaka tu asiwepo mtu wa kusimama pale kama mimi sisimami. Lester hakuniuma, yeye ni mgeni. Wewe ndiye uliniuma.

Sikuombi usahau. Katika kifurushi hiki kuna kichuma cha kunyoosha ukingo. Kitie mafuta, kiingize taratibu, zungusha, usigonge. Ukingo utarudi mahali pake na risasi itaingia. Na kuna maganda matupu. Ni yale ya Babu, nimekuwa nayo kwenye kisanduku changu cha sindano tangu nilipoolewa.

Dada yako, kama bado nina haki,
Verna


Kettle Hollow
8 Desemba 1957

Dada Verna,

Salamu kwako na kwa shemeji. Sisi wazima.

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nilizungusha kile kichuma, risasi ikaingia kama inaingia nyumbani kwake. Nikaendelea kukasirika, lakini kidogo.

Lester anakuja bado Jumamosi. Nami naenda nyuma ya ghala sasa, natetemeka mbele yake, naye anajifanya haoni. Bunduki ya Babu imerudi juu ya mlango.

Jana wakati wa kula nilimsomea Baba barua zako, tangu ile ya Agosti. Zote. Nilidhani atapiga meza. Aliacha kutafuna, akasema, "Bua la alizeti, nilimwona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala." Hakuongeza. Nikamwambia mwakani nataka wewe upige kwenye ubao wetu. Kwamba hakuna sheria inayokataza. Nimelipekua daftari lote la jumba la zimamoto, si unajua mimi ni karani. Ila tu hakuna aliyewahi kuuliza.

Alipapasa meza akitafuta kikombe. Nikakisogeza.

"Mwambie aje mapema," akasema, "si siku hiyohiyo. Aje Oktoba, nimsikie akipiga." Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akanyoosha mikono juu, akaishusha bunduki ya Babu bila kuuliza iko wapi, akakaa kuifuta. Aliifuta hadi chakula chake kikapoa. Alikuwa anapiga mluzi, Dada. Kwa ajili yangu hajawahi kupiga mluzi.

Kwa hiyo uje. Kadi nitapigilia mimi. Lakini nakuambia ukweli kabisa, hujapanda hata treni, na tayari nimeanza kukuonea wivu.

Mdogo wako,
Elwood